Hedifoni za Ohm Nyingi Zinahitaji Amplifaya ya Namna Gani?

MADA: UMEME WA MKONDO – MATUMIZI YA SHERIA YA OHM NA NGUVU YA UMEME

Utangulizi

Ndugu mtahiniwa, kanuni ya V = IR unaijua. Ukiamshwa usiku wa manane utaitaja bila kukosea. Kinachowaangusha watahiniwa wengi ni kutojua ni kanuni ipi itumike pale swali linapokuja na sura ambayo hawajaizoea, maana kanuni zenyewe wanazo kichwani. Katika sehemu hii tutachukua kifaa kimoja cha kawaida, hedifoni, na kukipitisha katika karibu mada yote ya umeme wa mkondo.

Nianze na kisa changu. Niliwahi kununua hedifoni za mtumba zilizoandikwa ohm 250. Nilipozichomeka kwenye simu na kupandisha sauti mpaka mwisho, muziki ulisikika kwa mbali kama redio ya jirani. Nikazirudisha. Muuzaji akasema zimekufa, akaniambia nimwachie kwa bei ya chakavu. Kabla sijakubali, nilimpitia fundi redio. Akaweka mita yake, ikasoma karibu ohm 250 upande wa kulia na vivyo hivyo upande wa kushoto. Akaniambia, "Mwalimu, hizi ni nzima. Zinachokosa ni volti." Niliona aibu, kwa sababu wiki ileile nilikuwa nimeandika P = V²/R ubaoni na kuwaambia wanafunzi wasiisahau.

Nusura nipoteze fedha zangu kwa kutotumia kanuni ninayoifundisha. Wewe usipoteze alama kwa kosa hilohilo.

Malengo

Ukimaliza sehemu hii uweze:
- kueleza maana ya ohm zinazoandikwa kwenye hedifoni;
- kukokotoa volteji na mkondo unaohitajika kwa nguvu iliyotajwa;
- kusoma namba za amplifaya na kuamua kama inafaa;
- kueleza athari ya ukinzani wa ndani wa chanzo cha umeme.

1. Ohm za hedifoni ni nini?

Ndani ya kila upande wa hedifoni kuna koili ya waya mwembamba iliyogandishwa kwenye kiwambo chepesi na kuwekwa kati ya ncha za sumaku. Mkondo unapopita kwenye koili, kani ya sumaku huisukuma. Muziki ni mkondo geu, kwa hiyo koili husukumwa mbele na nyuma, kiwambo kikatikisa hewa, nawe ukasikia sauti.

Upinzani wa koili dhidi ya mkondo geu huitwa impidensi, nao hupimwa kwa ohm. Tofauti yake na ukinzani wa kawaida ni kwamba impidensi hubadilika kidogo kulingana na masafa ya sauti, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde. Namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ya wastani tu. Katika hesabu za kiwango chako tutaichukua kama ukinzani, R, na volti zote tutakazotaja ni zile ambazo mita ya mkondo geu ingezisoma.

Hedifoni nyingi za simu zina ohm 16 hadi 32. Zile za studio huweza kuwa na ohm 250, 300 au 600. Mfano mzuri ni DT 880 za beyerdynamic, kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka 1924. Zimetengenezwa kwa aina tatu: ohm 32, ohm 250 na ohm 600. Tutazitumia katika hesabu zetu.

2. Kwa nini kutengeneza hedifoni zenye ohm nyingi?

Sababu ya kwanza iko katika kanuni R = ρL/A. Waya ukiwa mwembamba, eneo la mkato wake A hupungua na ukinzani huongezeka. Kipenyo kikipungua hadi nusu, eneo hubaki robo, na ukinzani wa urefu uleule huwa mara nne. Waya mwembamba humwezesha mtengenezaji kuzungusha mizunguko mingi na bado koili ikawa nyepesi.

Sababu ya pili ni matumizi ya studio, ambako hedifoni kadhaa huunganishwa sambamba kwenye tundu moja. Hedifoni nne za ohm 600 zikiwa sambamba, ukinzani wa jumla ni 600 ÷ 4 = ohm 150. Nne za ohm 32 ni ohm 8 tu, na chanzo hulazimika kutoa mkondo mkubwa sana. Hapa umepata matumizi halisi ya saketi sambamba.

3. Nguvu ileile, volti tofauti

Sasa tuingie kwenye kiini cha mada. Kwenye maelezo ya hedifoni huandikwa ukubwa wa sauti inayotolewa kwa miliwati 1 (mW 1). Kwa DT 880 ni desibeli 96 (dB 96), na ni hivyo kwa aina zote tatu. Maana yake ni kwamba koili ya ohm 600 haili nguvu zaidi kuliko ya ohm 32. Zote hutoa sauti ileile kwa nguvu ileile.

Kumbuka kanuni mbili za desibeli:
- nguvu ikiwa mara 10, sauti huongezeka kwa dB 10;
- nguvu ikiwa mara 2, sauti huongezeka kwa dB 3 hivi.

Mfano wa 1. Tunataka amplifaya iweze kufikisha dB 110 kwa mpigo mfupi wa ngoma. Kokotoa nguvu, volteji na mkondo kwa kila aina ya hedifoni.

*Suluhisho.* Ongezeko ni 110 − 96 = dB 14. Sasa 14 = 20 − 6. Ongezeko la dB 20 ni mara 100. Kupunguza dB 6 ni kugawa kwa 4. Hivyo nguvu ni mara 100 ÷ 4 = mara 25, yaani mW 25, au wati 0.025.

Kutokana na P = V²/R, tunapata V = √(PR).

Kwa ohm 32: V = √(0.025 × 32) = √0.8 = volti 0.89
Kwa ohm 250: V = √(0.025 × 250) = √6.25 = volti 2.5
Kwa ohm 600: V = √(0.025 × 600) = √15 = volti 3.87

Mkondo hupatikana kwa I = V/R.

| Hedifoni | Nguvu | Volteji | Mkondo |
|---|---|---|---|
| ohm 32 | mW 25 | V 0.89 | mA 28 |
| ohm 250 | mW 25 | V 2.5 | mA 10 |
| ohm 600 | mW 25 | V 3.87 | mA 6.5 |

Likariri wazo la jedwali hili: *hedifoni za ohm nyingi hudai volti nyingi na mkondo mdogo, hedifoni za ohm chache hudai volti chache na mkondo mkubwa.* Nguvu haibadiliki.

4. Kwa nini simu hushindwa?

Tuchukue simu ambayo tundu lake la hedifoni hutoa volti 1 likifunguliwa mpaka mwisho. Kwa ohm 600, P = 1²/600 = wati 0.00167, yaani mW 1.67. Hiyo haijafika hata mara mbili ya mW 1, kwa hiyo sauti ni dB 98 hivi. Kwa ohm 250 nguvu ni mW 4, na sauti ni dB 102. Kwa ohm 32 nguvu ingekuwa mW 31, na sauti ingevuka kidogo dB 110, mradi simu iweze kutoa mkondo wa mA 31.

Unaweza kusema, "Mwalimu, dB 98 si ndogo." Ni kweli, lakini hicho ni kilele. Muziki uliorekodiwa vizuri huwa na sehemu za kawaida zilizo chini ya vilele vyake kwa dB 15 au hata 20. Kilele kikiwa dB 98, sauti ya mwimbaji inaweza kuwa karibu dB 80, na ndani ya daladala au bwenini kwenye kelele hutaisikia vizuri. Simu nyingine hutoa nusu volti tu. Nusu volti ni robo ya nguvu, kwa sababu volteji katika P = V²/R imepigwa kipeo cha pili, na sauti hushuka kwa dB 6 nyingine. Ndicho kilichonipata mimi.

5. Kusoma namba za amplifaya

Mfano wa 2. Duka lina amplifaya mbili. A imeandikwa "mW 100 kwa ohm 32". B imeandikwa "mW 60 kwa ohm 250". Mteja ana hedifoni za ohm 600 kama za Mfano wa 1. Ipi itamfaa? Usijali ukinzani wa ndani.

Mtahiniwa mwenye haraka atajibu A, kwa kuwa 100 ni kubwa kuliko 60. Hilo ni kosa. Namba hizo mbili zimepimwa kwa ukinzani tofauti, kwa hiyo haziwezi kulinganishwa moja kwa moja. Kwanza zigeuze ziwe volti.

Amplifaya A: V = √(0.1 × 32) = √3.2 = volti 1.79
Amplifaya B: V = √(0.06 × 250) = √15 = volti 3.87

Kisha tafuta nguvu kwa ohm 600:

A: P = 3.2/600 = wati 0.0053 = mW 5.3
B: P = 15/600 = wati 0.025 = mW 25

B inafikia hasa mW 25 tunazohitaji, ilhali A inatoa mW 5.3 tu, sawa na dB 103 hivi. Jibu ni B, ingawa boksi lake lina namba ndogo.

Je, tukibadilisha hedifoni tuweke za ohm 32, B itatoa volti 3.87? Ingelazimika kutoa mkondo wa 3.87/32 = A 0.121, yaani mA 121. Amplifaya iliyotengenezwa kwa ajili ya ohm nyingi huenda isiweze, na sauti itaanza kukwaruza. Kila amplifaya ina mipaka miwili: mpaka wa volti na mpaka wa mkondo. Kwa ohm nyingi, mpaka wa volti ndio hukukamata kwanza. Kwa ohm chache, ni mpaka wa mkondo.

Mpaka wa volti hutokana na chanzo cha umeme. Amplifaya ya kawaida inayotegemea volti 5 za USB pekee, bila saketi ya kupandisha volteji, inaweza kuyumba volti 2.5 juu na volti 2.5 chini. Gawa 2.5 kwa √2, unapata volti 1.77 kwenye mita. Haiwezi kupita hapo hata kama utaifungua mpaka mwisho. Inayotumia betri ya volti 9 kwa mtindo huohuo hufika 4.5 ÷ √2 = volti 3.18. Inatosha kwa ohm 250, haitoshi kwa ohm 600 katika mfano wetu.

6. Ukinzani wa ndani wa amplifaya

Umejifunza kwamba betri ina ukinzani wa ndani, r. Amplifaya nayo inao. Ukinzani huo uko katika mfuatano na hedifoni, kwa hiyo volteji hugawanywa:

V ya hedifoni = E × R/(R + r)

Baadhi ya vifaa vya sauti vya zamani vina r hadi ohm 120. Hedifoni za ohm 32 zikiwekwa hapo hupata 32/152, yaani asilimia 21 tu ya volteji. Za ohm 600 hupata 600/720, yaani asilimia 83. Hapa hedifoni za ohm nyingi zina nafuu.

Kuna jambo jingine. Tulisema impidensi hubadilika kwa masafa. Tuseme hedifoni za ohm 250 hupanda hadi ohm 500 kwenye besi. Kwa r = 120, sauti za kati hupata 250/370 = 0.68 ya volteji, na besi hupata 500/620 = 0.81. Besi inazidi, na muziki hausikiki tena kama ulivyorekodiwa. Kwa r = 5, namba hizo ni 0.98 na 0.99, tofauti ambayo sikio halitaijua.

Mafundi hutumia kanuni nyepesi: *r isizidi moja ya nane ya R.* Kwa ohm 32, r isizidi 4. Kwa ohm 250, isizidi 31. Kwa ohm 600, isizidi 75. Ukiifuata, hedifoni hupata angalau 8/9 ya volteji, sawa na asilimia 89.

7. Makosa yanayowapotezea watahiniwa alama

*Kosa la kwanza:* kusema hedifoni za ohm nyingi "zinakula umeme mwingi". Sahihi ni kwamba zinahitaji volteji kubwa zaidi kupata nguvu ileile.

*Kosa la pili:* kusema amplifaya iwe na ohm sawa na hedifoni ili nguvu iwe kubwa kabisa. Ni kweli kwamba chanzo chenye r isiyobadilika hutoa nguvu kubwa kabisa pale R = r, lakini wakati huo nusu ya nguvu hupotea ndani ya chanzo chenyewe. Kwenye hedifoni tunataka r ndogo sana kuliko R.

*Kosa la tatu:* kusahau kugeuza miliwati kuwa wati kabla ya kutafuta kipeuo cha pili. Ukiandika √(25 × 250) utapata volti 79. Jibu kama hilo likuamshe. Hedifoni za koili kama hizi hazihitaji volti 79.

*Kosa la nne:* kuandika jibu bila kizio. Namba 2.5 peke yake si volteji.

8. Hatua za kuchagua

1. Soma R ya hedifoni na dB zake kwa mW 1.
2. Amua kilele cha sauti unachotaka, tafuta ongezeko la dB, kisha nguvu P.
3. Kokotoa V = √(PR) na I = V/R.
4. Geuza namba za amplifaya ziwe volti, ulinganishe.
5. Hakikisha r ya amplifaya haizidi R/8.
6. Angalia ukuzaji, yaani uwiano wa volti zinazotoka kwa zinazoingia. Simu ikitoa volti 1 nawe unahitaji 3.87, ukuzaji wa mara 4 unatosha. Wa mara 20 utakuletea mvumo, na kitufe cha sauti utakigusa kidogo tu kabla sauti haijazidi.

9. Angalizo kuhusu masikio

Tumetumia dB 110 kama kilele cha mara moja moja. Usisikilize muziki mfululizo kwa kiwango hicho. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi dB 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila ongezeko la dB 3 ni nguvu mara mbili, hivyo muda hupungua kwa nusu: dB 83 ni saa 20, dB 86 ni saa 10, dB 89 ni saa 5. Amplifaya inayofaa ni kama gari lenye breki na injini nzuri: uwezo upo, lakini huendeshi kwa kasi ya mwisho kila siku. Hedifoni zikiharibika, fundi atazitengeneza. Seli za kusikia zilizomo ndani ya sikio zikifa hazioti tena.

Maswali ya kujipima

1. Hedifoni za ohm 300 hutoa dB 98 kwa mW 1. Kokotoa volteji na mkondo unaohitajika kufikia dB 108.
2. Amplifaya imeandikwa "mW 200 kwa ohm 50". Itatoa nguvu kiasi gani kwa ohm 250? Je, inafaa kwa hedifoni za ohm 250 za Mfano wa 1?
3. Hedifoni tatu za ohm 600 zimeunganishwa sambamba. Tafuta ukinzani wa jumla. Rudia kwa hedifoni tatu za ohm 32, kisha eleza ni kundi lipi linalodai mkondo mkubwa kwa volteji ileile.
4. Chanzo cha volti 6 kina ukinzani wa ndani wa ohm 120. Kimeunganishwa na hedifoni za ohm 600. Tafuta volteji na nguvu ya hedifoni.

Majibu

1. Ongezeko ni dB 10, hivyo P = mW 10 = W 0.01. V = √(0.01 × 300) = √3 = V 1.73. I = 1.73/300 = A 0.0058 = mA 5.8.
2. V² = 0.2 × 50 = 10, hivyo V = 3.16. Kwa ohm 250, P = 10/250 = W 0.04 = mW 40. Inafaa kwa upande wa nguvu, kwa kuwa mW 40 inazidi mW 25. Kabla ya kununua, hakikisha pia r haizidi ohm 31.
3. 600 ÷ 3 = ohm 200; 32 ÷ 3 = ohm 10.7. Kundi la ohm 32 ndilo linalodai mkondo mkubwa, kwa kuwa I = V/R na R yake ni ndogo.
4. V = 6 × 600/720 = V 5. P = 25/600 = W 0.042 = mW 42 hivi.

Ukikosa swali lolote, rudi kwenye jedwali la Mfano wa 1 kabla ya kuendelea na mada inayofuata. Zile hedifoni za ohm 250 bado ninazo. Niliziwekea amplifaya ndogo yenye volti za kutosha, nazo ndizo ninazovaa jioni ninaposahihisha madaftari.